Maswali na Majibu: Utitiri Mwindaji wa Kwenye Ncha ya Muhogo

Swali. Mimi ni mkulima wa muhogo wilayani Muheza. Bwana shamba alifunua ncha ya mche mmoja shambani mwangu, akanionyesha kiumbe mdogo mno, mweupe, anayekimbia, akaniambia ni msaidizi wangu na nisimpulizie dawa. Hata hivyo, majani ya muhogo huohuo yana utitiri wa kijani, nao ni wadogo vilevile. Nitawatofautishaje, na huyu mweupe ni nani hasa? (*Mkulima, Tanga*)

Jibu. Kwa maelezo uliyotoa, hasa hilo la kuonekana ndani ya ncha, kiumbe huyo yaelekea ni *Typhlodromalus aripo*, utitiri mwindaji ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vilivyo jirani nayo. Hakufika Afrika kwa bahati. Adui yako, utitiri wa kijani wa muhogo, jina lake la kitaalamu ni *Mononychellus tanajoa*. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na Gregorio Bondar kutokana na vielelezo vya Bahia, Brazili, na mwaka 1971 aligunduliwa Uganda, akiwa amekuja bila maadui zake wa asili. Kutoka hapo alisambaa karibu ukanda wote wa muhogo barani. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, ikishirikiana na watafiti wa Brazili na Kolombia, ilitafuta wawindaji wake huko alikotoka, ikawaleta aina kadhaa, na baada ya kushindwa mara nyingi ikamwachia *T. aripo* katika mashamba ya Benin mwaka 1993. Huyo ndiye aliyeshika mizizi na kuenea zaidi. Leo yupo katika nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji.

Kuwatofautisha kwa macho kunahitaji kioo cha kukuzia, kile cha mkononi kinachokuza mara kumi, na subira kidogo. Utitiri wa kijani hukaa upande wa chini wa majani machanga, ni wa kijani au wa manjano-kijani, na ukimgusa hujikokota tu. Mwindaji ana umbo la tone la maji, anang'aa kidogo, miguu yake ni mirefu ukiilinganisha na mwili, na anapofunuliwa hukimbilia kwenye kivuli cha jani dogo linalofuata. Rangi isikudanganye: utitiri wawindaji wana ngozi inayopitisha nuru, kwa hiyo aliyetoka kula huonyesha rangi ya chakula chake, na mweupe wa jana anaweza kuwa wa manjano leo. Mahali alipo na mwendo wake ni dalili bora kuliko rangi. Mchana mtafute katikati kabisa ya ncha, kati ya vijani ambavyo bado havijakunjuka. Ukikagua majani yaliyokomaa utaondoka ukidhani shamba lako halina hata mmoja.

Swali. Ninasoma stashahada ya kilimo, na nimepewa kazi ya kueleza maumbile ya utitiri mwindaji wa familia ya Phytoseiidae. Vitabu nilivyopata vimejaa herufi kama j, z na S bila maelezo. Naomba maelezo ya mwili wake, sehemu kwa sehemu, kwa kumtumia huyo wa muhogo kama mfano. (*Mwanafunzi, Mtwara*)

Jibu. Anza kwa kusahau mgawanyo wa kichwa, kifua na tumbo uliofundishwa katika somo la wadudu. Utitiri ana sehemu mbili tu: sehemu ndogo ya mbele inayobeba viungo vya kinywa, ambayo huitwa nathosoma, na sehemu kubwa iliyobaki, yenye miguu na viungo vyote vya ndani, ambayo huitwa idiosoma. Hana kichwa cha kweli, hana papasi, hana mabawa, na katika familia hii hana macho. Jike aliyekomaa wa *T. aripo* ana ngao ya mgongoni yenye urefu wa karibu theluthi moja ya milimita, na dume ni mdogo zaidi. Maelezo yote yanayofuata, basi, yanahusu vitu vinavyoonekana kwa hadubini peke yake.

Kwenye nathosoma kuna kelisera mbili, na kila moja ni mfano wa koleo lenye kidole kilichotulia na kidole kinachocheza, vyote vikiwa na meno. Utitiri humshika windo kwa koleo hizo, hutoboa ngozi yake, kisha hufyonza majimaji ya ndani na kuacha gamba lililosinyaa. Pembeni mwa kelisera kuna vigusio viwili vyenye nywele za kuhisi, na karibu na mwisho wa kila kigusio kuna unywele mmoja wenye panda mbili, alama ndogo ambayo mwanafunzi makini huitafuta kwa sababu inatambulisha oda nzima. Kwa dume, kidole kinachocheza cha kelisera kimeota kitawi cha ziada, spermatodaktili, kinachotumika kuhamisha kifurushi cha mbegu kwenda kwa jike. Ukikiona kitawi hicho huna haja ya kuuliza jinsia tena, na umbo lake husaidia pia kutenganisha spishi.

Miguu ni jozi nne, lakini jozi ya kwanza haifanyi kazi sana ya kutembea. Utitiri huinyosha mbele na kuipapasapapasa hewani, kwa kuwa nchani mwake kuna nywele za kunusa na kugusa. Kwa kiumbe asiye na macho, hiyo ndiyo njia ya kuijua dunia. Majaribio yaliyofanywa na utitiri huyu yameonyesha kwamba huvutwa na harufu inayotolewa na majani ya muhogo yaliyoshambuliwa na utitiri wa kijani, yaani mmea wenyewe unamwita. Kwenye mguu wa nne tazama nywele ndefu zinazosimama peke yake juu ya goti, ugoko na unyayo. Idadi yake, urefu wake, na kama ncha zake zimechongoka au zina kifundo, ni mambo ambayo kila maelezo ya spishi huyataja.

Sasa tuje kwenye mgongo, ambako ndiko herufi zako zinakotoka. Mgongo wa jike umefunikwa na ngao moja isiyogawanyika, na juu yake nywele zimepangwa kwa jozi, kushoto na kulia, katika safu zinazojirudia kutoka spishi moja hadi nyingine. Kwa sababu zinajirudia, wataalamu wamezipa majina. Mfumo unaotumika leo ulitokana na kazi ya Lindquist na Evans ya mwaka 1965, na ulirekebishwa kwa ajili ya familia hii na Rowell, Chant na Hansell mwaka 1978. Safu iliyo karibu zaidi na mstari wa katikati ni j, inayofuata ni z, ya tatu ni s, na ya pembeni kabisa ni r. Herufi ndogo ni za nusu ya mbele ya mgongo, herufi kubwa J, Z, S na R ni za nusu ya nyuma, na namba inaonyesha nafasi ya unywele ndani ya safu yake ukihesabu kutoka mbele. Hivyo j1 ni jozi iliyo ukingoni mwa mbele kabisa, na Z5 ni mojawapo ya zile za nyuma kabisa, ambazo mara nyingi huwa ndefu.

*T. aripo* ana jozi 10 mbele na jozi 9 nyuma, jumla 19. Mbili kati yake, r3 na R1, hazimo kwenye ngao bali kwenye ngozi laini ya ubavuni, kwa hiyo ngaoni utahesabu jozi 17. Lililo muhimu kuliko hesabu hiyo ni zile zisizokuwapo: jozi z3 na s6 hazipo. Kukosekana kwa jozi hizo mbili ndiko kunakomweka katika familia ndogo ya Amblyseiinae, na msomaji atakayefika hadi jibu linalofuata ataona kwa nini.

Mgeuze sasa chali. Katikati ya miguu kuna ngao ya kifua yenye jozi tatu za nywele, nyuma yake ngao ya uzazi, na nyuma zaidi ngao inayobeba tundu la haja pamoja na nywele chache mbele yake. Umbo la ngao hiyo ya mwisho hubadilika sana kati ya spishi, na maelezo mazuri huambatanishwa na mchoro wake. Kwa dume ngao ya nyuma ni pana kuliko ya jike, na huweza kuenea karibu tumbo lote. Tundu la kupumulia ni moja kila upande, kati ya mguu wa tatu na wa nne, nalo limeunganishwa na mfereji mwembamba unaokwenda mbele, peritrema. Karibu na mahali hapohapo, ndani ya mwili wa jike, kuna kifuko cha kupokelea mbegu za dume. Kifuko hicho kina shingo ambayo inaweza kuwa fupi kama kikombe au ndefu kama mrija, na kwa maoni yangu ndicho kiungo kimoja chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kutambua spishi, kwa kuwa hakibadiliki kwa chakula wala kwa hali ya hewa. Wanafunzi wengi hukiruka kwa kuwa ni vigumu kukiona, wewe usikiruke.

Ukuaji wake naweza kuueleza kwa ufupi. Yai ni la duaradufu na ni kubwa mno kwa kulinganisha na mama aliyelitaga. Linatoa lava mwenye miguu sita. Kisha hufuata hatua mbili za tunutu wenye miguu minane, halafu mkomavu. Jambo la ajabu liko kwenye kromosomu: kwa spishi nyingi za familia hii zilizochunguzwa, jike hawezi kutaga asipopandwa, mayai yote hurutubishwa, na bado dume hubaki na nusu tu ya kromosomu, kwa sababu zile alizorithi kwa baba huondolewa mapema akiwa bado kiinitete.

Swali. Je, huyu ni mdudu? Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wamegawanyika, na mmoja amedai kwamba kwa kuwa mwindaji na windo wote huitwa utitiri, basi ni ndugu wa karibu. (*Mwalimu wa baiolojia, Kilifi*)

Jibu. Si mdudu kwa maana ya darasani. Yumo katika himaya ya wanyama, faila ya Arthropoda, na ngeli ya Arachnida, pamoja na buibui na nge. Hilo wanafunzi wako watalikubali upesi. La pili litawashangaza.

Utitiri wamegawanyika katika makundi makubwa mawili. Mwindaji wetu yuko Parasitiformes, katika oda ya Mesostigmata, na katika kundi hilohilo wamo kupe. Utitiri wa kijani yuko upande wa pili, Acariformes, pamoja na utitiri wekundu wa nyanya na hata yule asababishaye upele kwa binadamu. Kwa hiyo mwindaji ana undugu wa karibu zaidi na kupe wa ng'ombe kuliko na windo analolila juu ya jani moja. Dai la mwanafunzi wako halisimami, ingawa nampongeza kwa kufikiri. Maumbile yanathibitisha jambo hili: mwindaji ana tundu la kupumulia ubavuni na kelisera zenye meno, ilhali utitiri wa kijani ana matundu yake karibu na kinywa, na kelisera zake zimekuwa sindano za kuchoma seli za jani na kufyonza kijani chake.

Chini ya oda tunafika kwenye familia ya Phytoseiidae, yenye spishi zaidi ya 2,400 zilizokwisha kuelezwa duniani, nyingi zikiishi juu ya mimea. Familia hii ina familia ndogo tatu. Wasio na z3 wala s6 ni Amblyseiinae. Wenye angalau mojawapo ya hizo hugawanywa kwa kutazama nyuma ya mgongo: waliokosa Z1, S2, S4 na S5 zote ni Phytoseiinae, na wenye walau mojawapo ya hizo nne ni Typhlodrominae. Ni ufunguo mfupi, na mwanafunzi yeyote mwenye mchoro mzuri anaweza kuutumia. Ndani ya Amblyseiinae, *T. aripo* yumo katika kundi la Euseiini lililopangwa na Chant na McMurtry mwaka 2005, na katika jenasi ya *Typhlodromalus*, iliyoanzishwa na Muma mwaka 1961. Spishi yenyewe ilielezwa na Donald De Leon mwaka 1967 kutokana na vielelezo vya kisiwa cha Trinidad, miaka minne kabla utitiri wa kijani hajaonekana Uganda.

Swali. Katika maandiko mengine nimemkuta akiitwa *Amblyseius aripo*. Je, ni spishi nyingine? Na kwa kweli, mabishano haya ya majina yanamfaa nini mkulima? (*Afisa ugani, Kigoma*)

Jibu. Ni huyohuyo. Kuna kipindi ambacho waandishi wengi waliitumia jenasi ya *Amblyseius* kama ghala kubwa la kuwekea spishi mamia, kisha wengine wakaligawa tena ghala hilo. Sehemu ya pili ya jina haikubadilika, na ndiyo unayopaswa kuifuata unapotafuta taarifa za zamani. Mimi nashikilia *Typhlodromalus* kwa kuwa ndilo linalotumika katika kazi za sasa za uainishaji.

Kuhusu faida kwa mkulima, ngoja nitoe mifano miwili iliyotoka kwenye muhogo huohuo. Katika miaka ya 1970, kidung'ata cha muhogo alipoivamia Kongo na kuelezwa mwaka 1977 kwa jina la *Phenacoccus manihoti*, maadui zake walitafutwa kaskazini mwa Amerika ya Kusini, ambako kulikuwa na kidung'ata anayefanana naye sana. Maadui waliopatikana huko hawakufaa. Baadaye ilibainika kwamba yule wa kaskazini ni spishi nyingine, *P. herreni*, spishi yenyewe ilipatikana Paraguay mwaka 1981, na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka huko, *Apoanagyrus lopezi*, ndiye aliyelimaliza tatizo katika sehemu kubwa ya bara. Miaka ilipotea kwa sababu ya tofauti ambazo haziwezi kuonekana bila hadubini.

Mfano wa pili uko ndani ya familia yetu. Juu ya muhogo wa Amerika ya Kusini kulikuwa na utitiri mwindaji aliyechanganywa kwa muda mrefu na spishi ya *limonicus*, hadi Moraes na wenzake walipomtenga mwaka 1994 kwa jina la *manihoti*. Leo anaitwa *Typhlodromalus manihoti*, naye pia aliachiwa Afrika. Huyu huishi kwenye majani, ilhali *T. aripo* huishi nchani. Mtu anayehesabu wawindaji shambani bila kuwatenganisha hao wawili atapata takwimu zisizomweleza lolote, kwa kuwa kila mmoja ana makazi yake na saa zake za kazi.

Swali. Kwa nini ajifiche nchani mchana kutwa ilhali chakula kiko kwenye majani? Na je, kuchuma kisamvu kunamdhuru? (*Msomaji, Zanzibar*)

Jibu. Usiku hutoka na kushuka kwenye majani machanga kuwinda, na kunapokucha hurudi. Ncha humpa unyevu na kivuli. Imeonekana pia katika majaribio kwamba mionzi ya urujuanimno ya jua ni hatari kwake, na vijani vilivyobanana humkinga nayo. Aina za muhogo ambazo ncha zake zina nywele huhifadhi wawindaji wengi kuliko zenye ncha laini, jambo ambalo wazalishaji wa mbegu wangepaswa kulipa uzito zaidi ya wanavyolipa sasa. Windo likipungua hafi njaa mara moja, kwa kuwa anaweza kuishi kwa chavua, kwa mfano ile ya mahindi inayopeperushwa na kuanguka juu ya muhogo. Kwa sababu hiyo hubaki shambani akimngoja adui, na huko Benin utitiri wa kijani walipungua sana na mavuno ya muhogo yakaongezeka kwa takriban theluthi moja.

Kuhusu kisamvu, mantiki ni rahisi: anayekata ncha anaondoka na nyumba pamoja na wenyeji wake. Sishauri mtu aache mboga yake. Chuma kwenye baadhi ya miche na uache mingine, au panga mistari michache iwe ya mboga tu. Ncha zilizokatwa kwenye shamba lenye wawindaji wengi zinaweza hata kupelekwa shamba lisilo nao na kupachikwa kwenye ncha za miche ya huko. Ndivyo walivyosambazwa katika sehemu nyingi. Ila katika nyanda za juu zenye baridi hustawi kwa shida, na huko njia hii isitarajiwe kufanya maajabu.

Swali. Nitatayarishaje vielelezo ili mtaalamu aweze kuvitambua? (*Mwanafunzi yuleyule wa Mtwara*)

Jibu. Kata ncha asubuhi, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, na uzifungue juu ya sahani nyeusi. Waokote utitiri kwa brashi laini iliyolowanishwa, uwatie kwenye kichupa cha alkoholi ya asilimia 70, na uandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ndani ya kichupa: mahali, tarehe, mmea, na sehemu ya mmea. Kabla ya kuwapandisha kwenye kioo cha hadubini husafishwa kwa asidi ya laktiki ili ngozi iwe angavu, kisha huwekwa katika gundi ya Hoyer, mgongo ukiwa juu na miguu imetandazwa. Peleka majike kadhaa, na madume ukiwapata. Jike mmoja aliyelala ubavu hawezi kumwonyesha mtaalamu kifuko cha mbegu wala kumhesabia nywele zote.